Mbunge wa Afrika Mashariki tumsikilize akifika kwenye fedha na vifungu

Madereva wa malori pale Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, wakinikuta nasoma taarifa za majadiliano ya Bunge la Afrika Mashariki hunishangaa. "Dada, hao wa Arusha wanakusaidia nini wewe?" Wanauliza kwa nia njema kabisa, na mimi swali lao naliheshimu, kwa sababu hata watu waliosoma huniuliza hivyo hivyo. Leo nalijibu kwa kirefu.

Mimi ni wakala wa forodha. Riziki yangu yote inapita ndani ya sheria moja: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Januari 2005. Tamko ninalojaza, dhamana ninayoweka kwa mzigo wa mpito, faini anayopigwa mteja wangu akichelewa, muda ambao mzigo unaruhusiwa kukaa ghalani, vyote vimo humo. Sheria hiyo haikutungwa Dodoma wala Nairobi. Ilipitishwa na wabunge wale wale ambao watu wengi hawamjui hata mmoja kwa jina. Na mkataba wa Jumuiya unasema wazi kwamba katika mambo ya utekelezaji wake, sheria za Jumuiya ziko juu ya sheria za nchi zinazofanana nazo. Kwa hiyo mtu akiniambia Bunge lile ni la kupiga picha, namwonyesha mafaili yangu.

Tatizo ni kwamba hatuna kawaida ya kuwapima wabunge hawa. Kila nchi ina viti tisa, na anayewachagua ni Bunge la nchi, sisi wananchi hatupigi kura. Mbunge wa Afrika Mashariki hana jimbo. Hakuna kijiji kinachomdai kisima, hakuna kata inayomdai barabara, haendi misibani kwa zamu. Kazi yake yote ni mdomo na kalamu: anachosema ukumbini, anachoandika kwenye kamati, na kifungu anachosimamia mpaka kibadilike. Basi na tumpime kwa hicho. Mimi nampima kwa mambo mawili tu, sheria na hesabu, na ninaamini kabisa kwamba aliye mzuri kwenye hesabu ndiye hutunga sheria inayofanya kazi.

Nimekaa roshani ya wageni pale Arusha mara kadhaa, maana kutoka Namanga si mbali na kazi zangu nyingine hunifikisha mjini. Ukikaa pale unajifunza haraka kutofautisha michango. Kuna mchango unaoanza kwa shukrani, ukapita kwenye umoja wetu na ndoto za waasisi, ukaishia kwa "naunga mkono hoja". Umechukua dakika zote na haukugusa ukurasa hata mmoja. Kisha kuna mwingine. Namkumbuka mbunge mmoja, mama wa makamo, aliyesimama siku ya bajeti akiwa na kitabu kilichojaa vikaratasi vya rangi pembeni. Hakuwa na hotuba. Alimwomba Spika ruhusa, akataja ukurasa, akataja kasma, yaani mstari wa matumizi kwenye bajeti, akauliza: kazi ya kufuatilia vikwazo vya biashara mipakani imewekewa fedha za wafadhili peke yake, je, mfadhili asipotoa, nani atakwenda mpakani? Waziri akajibu kwamba jambo limepokelewa na linafanyiwa kazi. Mama hakukaa. Akasema anaomba aambiwe ni lini na kwa fungu lipi. Alirudia hivyo, kwa sauti ile ile, bila hasira, mpaka ikaahidiwa kwamba majibu yataletwa kwa maandishi kwenye kamati.

Huo ndio mchango. Sijui kama magazeti yaliuandika. Mimi niliurudia kwa wale madereva neno kwa neno.

Tumezoea kuona Dodoma mbunge akishika shilingi ya waziri, na kila Mtanzania anaelewa maana yake: nijibu kwanza, fedha utapata baadaye. Moyo huo ndio ninaoutafuta kwa mbunge wa Arusha, maana fedha zenyewe si ndogo. Bajeti ya Jumuiya ya mwaka 2023/24 ilikuwa karibu dola milioni 104. Ukiilinganisha na bajeti ya nchi yoyote mwanachama utaiona ndogo, lakini angalia inakotakiwa kufika. Inalisha Sekretarieti, Bunge lenyewe na Mahakama, zote Arusha. Inakwenda Kisumu kwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Jinja kwa shirika la uvuvi la ziwa hilo hilo, Kampala kwa Baraza la Vyuo Vikuu, Entebbe kwa wakala wa usalama wa anga, Kigali kwa kamisheni ya sayansi na teknolojia, Bujumbura kwa kamisheni ya utafiti wa afya, na Zanzibar kwa Kamisheni ya Kiswahili. Kila taasisi ina mkurugenzi wake, magari yake, mikutano yake. Mbunge asiyejua kusoma jedwali la matumizi atapitishiwa mbele ya macho fedha ya semina ikiwa imeandikwa kama fedha ya mradi, naye atasema naunga mkono.

Mapato nayo yana hadithi yake. Mkataba ulisema nchi zichange sawa kwa sawa, na nyongeza itoke kwa wahisani. Wakati zilipokuwa tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, hilo halikuleta maneno mengi. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, kisha Somalia. Sasa una nchi zenye uchumi usiofanana hata kidogo zikiandikiwa mchango mmoja. Wengine hulipa mapema, wengine wanachelewa, wengine madeni yao yanavuka mwaka mmoja hadi mwingine. Bunge limewahi kuahirisha vikao vyake kwa kukosa fedha. Imezungumzwa fomula ya mchanganyiko, asilimia 65 ichangwe sawa na asilimia 35 ipangwe kwa kuangalia pato la kila nchi. Mimi naiunga mkono. Lakini fomula yoyote bila adhabu ni karatasi. Ibara ya 143 ya mkataba inasema nchi isiyotimiza wajibu wake wa kifedha itachukuliwa hatua ambayo wakuu wa nchi wataamua kwa ushauri wa Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Hatua gani, haikusemwa. Ningependa mbunge wetu aamke kila kikao cha bajeti aulize hilo, hata akichokwa.

Watu wa rika langu tunapaswa kuwakumbuka watatu waliotufungulia mlango kwenye jambo hili. Bunge la kwanza lilizinduliwa Novemba 2001, likiwa bado linajifunza kutembea. Wabunge binafsi wakaanza kuleta miswada yao, jambo ambalo Ibara ya 59 inawaruhusu. Baraza la Mawaziri likaona kwamba miswada inayogusa sera, maslahi ya dola na bajeti iletwe na Baraza, na ile iliyokwisha kuwa mikononi mwa Bunge iondolewe. Calist Mwatela, Lydia Wanyoto Mutende na Isaac Sepetu, Mkenya, Mganda na Mtanzania, hawakukubali. Mwaka 2005 wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Mahakama hiyo nayo ilikuwa changa, haina mazoea ya kuwaambia mawaziri wa nchi tatu kwamba wamekosea.

Hukumu ya 2006 nimeisoma zaidi ya mara moja na bado inanipa nguvu. Mahakama ilisema mswada ukishaingia bungeni ni mali ya Bunge, na Baraza haliwezi kuuondoa bila ridhaa ya Bunge. Ikasema pia kwamba maamuzi ya Baraza hayana nguvu katika mambo ambayo mkataba umeyaweka chini ya Bunge. Kwa busara, ikaagiza tafsiri hiyo itumike kuanzia hapo kwenda mbele, ili mambo yaliyokwisha kufanyika yasivurugike. Miaka miwili baadaye, 2008, Jumuiya ikapata Sheria ya Bajeti. Leo mbunge anapohoji ratiba ya bajeti au kudai makadirio yafike kwenye kamati kwa wakati, amesimama juu ya ardhi ambayo wale watatu waliipigania. Sitaki tuwasahau. Mchango wa mbunge unaweza kuwa hotuba, unaweza pia kuwa kesi.

Nirudi mpakani, maana huko ndiko ninakoona sheria ikiwa na uso.

Msimu mmoja alikuja ofisini kwangu mama anayetoa vitunguu Mang'ola kupeleka Nairobi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia huku macho yake yako kwenye gari lake lililosimama juani. Mzigo wake ulikuwa chini ya dola 2,000, kwa hiyo anastahili cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile kinachotolewa palepale mpakani bila mlolongo mrefu, na halipi ushuru wa forodha kwa sababu vitunguu vyetu ni vya Afrika Mashariki. Cheti alikuwa nacho. Kilichomsimamisha ni karatasi nyingine ya ofisi nyingine, ambayo hakuna aliyemwambia aiandae, na ada yake haikuwa imebandikwa popote. "Mwanangu," akaniambia, "hii Jumuiya mnayoisema iko dirisha gani?" Vitunguu vililala hapo usiku, na asubuhi baadhi ya magunia yalikuwa yameanza kutoa maji chini.

Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyoungana. Kuna Sheria ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha ya Jumuiya, ya mwaka 2017. Imetungwa kwa ajili ya mama huyu hasa. Inazitaka nchi zitambue vikwazo, ziviripoti, zikubaliane muda wa kuviondoa. Lakini kuviripoti na kuvihakiki kunahitaji watu wa kwenda mipakani, na watu wanahitaji fungu. Ndiyo maana swali la yule mbunge wa vikaratasi vya rangi lilinigusa sana. Alikuwa anauliza habari za magunia yale bila kuyajua. Sheria nzuri iliyonyimwa kasma ni barua isiyo na stempu.

Upande wa vifungu, nitoe mfano mmoja wa kazi iliyofanyika vizuri. Kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018. Kabla yake mzigo ulikaguliwa upande huu ukamaliza, ukavuka ukaanza upya upande wa pili. Sasa anayekwenda Kenya anapita moja kwa moja mpaka jengo la upande wa Kenya, anawakuta maofisa wa Tanzania na wa Kenya wamekaa pamoja, anamaliza mambo yote mara moja. Watu huliona jengo, mimi naliona swali la kisheria lililokuwa limejificha chini yake. Ofisa wa TRA, mamlaka yetu ya mapato, akiwa ndani ya ardhi ya Kenya, ana mamlaka gani ya kuzuia mzigo? Akimkamata mtu, ni kwa sheria ya nchi gani? Akishambuliwa kazini, analindwa na nani? Bila majibu, wakili yeyote mwenye akili angeivuruga kazi nzima ndani ya wiki. Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mipakani ya 2016 ilijibu: ikaweka eneo la udhibiti, na ndani ya eneo hilo ofisa anatekeleza sheria za nchi yake ingawa amesimama kwa jirani. Hicho ni kifungu kimoja kikavu, kisicho na mvuto wowote kwa msikilizaji wa redio. Kinanipunguzia saa nyingi za kusubiri.

Sheria ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka huo huo, nayo madereva wanaijua kwa tani 56. Wanailalamikia, nami nawaelewa. Lakini kabla ya kuwa na kipimo kimoja, lori lililopakia sawasawa kwa sheria ya nchi moja lilikuwa na kosa likivuka kwenye nchi nyingine.

Kuna eneo moja ambalo nataka kusema waziwazi kwamba mbunge wetu amefungwa mikono, ili asilaumiwe bure. Kila mwaka mawaziri wa fedha hukutana kabla ya bajeti, kisha mwisho wa Juni linatoka Gazeti la Jumuiya lenye viwango vya ushuru. Mle ndani utakuta nchi hii imeomba isitumie kwa muda ushuru wa pamoja wa bidhaa za nje ya Jumuiya kwenye mchele, nchi ile imeomba itoze zaidi kwenye mabati, kiwanda fulani kimepewa nafuu kwa malighafi. Hata kile kiwango cha nne cha ushuru huo, asilimia 35, kilichoanza Julai 2022 kuungana na asilimia sifuri, 10 na 25, kilikuja kwa uamuzi wa Baraza. Bunge halipigi kura juu ya namba hizo. Wateja wangu huamka Julai mosi wakakuta gharama zimebadilika, wakanipigia mimi. Ninachokitaka kwa mbunge ni kuuliza baada ya mwaka: zile nafuu zilizotolewa zilileta nini? Kiwanda kiliongeza uzalishaji? Mapato yaliyosamehewa ni kiasi gani kwa kila nchi? Kuuliza hakuhitaji kura, kunahitaji maandalizi. Nimesikia swali la aina hiyo likiulizwa mara chache mno.

Amefungwa pia kwenye miswada. Mbunge binafsi hawezi kuleta mswada unaoweka mzigo mpya kwenye mfuko wa Jumuiya. Na hata mswada ukipita, wakuu wa nchi wote wanatakiwa kuridhia. Wasiporidhia ndani ya miezi mitatu unarudishwa bungeni, ukipelekwa tena na mkuu wa nchi mmoja akakataa, unakufa. Mkuu mmoja. Miswada mingine imekaa miaka ikisubiri saini. Kwa hiyo mbunge mahiri hushughulika na nchi yake kabla ya kusimama ukumbini: anakwenda kwa wizara, anakwenda kwa kamati ya Bunge la kwao, anajua pingamizi liko wapi. Kazi hiyo haionekani kwenye taarifa za majadiliano, lakini matokeo yake yanaonekana.

Nimeacha ukaguzi mwisho na ndio ninaoupenda zaidi. Hesabu za Jumuiya hukaguliwa na Tume ya Ukaguzi, ambayo ni wakaguzi wakuu wa nchi wanachama kwa pamoja. Ripoti inakwenda kwa Baraza, na Baraza linatakiwa kuiweka mezani bungeni ndani ya miezi sita tangu kuipokea. Hapo Kamati ya Hesabu inaichambua, inaita wahusika, inaleta taarifa yake ijadiliwe. Siku ya bajeti kila mtu amevaa vizuri na kamera zimejaa. Siku ya ripoti ya ukaguzi roshani huwa na watu wachache. Lakini bajeti ni ahadi, ukaguzi ni ushahidi. Masurufu, yaani fedha za kazi zilizotolewa mapema, ambayo hayajarejeshwa, manunuzi yaliyovuka utaratibu, nafasi za kazi zilizokaa wazi huku mkataba wa muda ukirefushwa, hizo ndizo habari za ukaguzi wa taasisi yoyote ya umma, na mbunge anayezijua anauliza jambo moja la maana: hoja hii ilikuwepo mwaka jana? Kama ilikuwepo, nani aliahidi kuifunga, na kwa nini haijafungwa? Mbunge aliyebeba ripoti tatu mfululizo mkononi anaogopwa kuliko mwenye sauti kubwa. Kila mwaka nasubiri kuona ni nani kati ya wetu tisa ameingia Kamati ya Hesabu, na huyo namfuatilia kuliko wengine wote.

Bunge hili la tano lilianza Desemba 2022, na muda wa wabunge ni miaka mitano. Maana yake mwaka 2027 wagombea watasimama tena Dodoma mbele ya wabunge wetu, watajieleza na kuulizwa maswali. Nimeshamwandikia mbunge wa jimbo langu barua, na nitamkumbusha muda ukikaribia. Nimemwomba asiwaulize wagombea kuhusu historia ya Jumuiya, maana hiyo yoyote anaweza kuikariri usiku mmoja. Awape ukurasa mmoja wa makadirio ya mapato na matumizi, awape na hoja moja ya ukaguzi iliyojirudia, halafu awaulize wangesimama kusema nini. Na kama mgombea amewahi kuwa mbunge huko kwa kipindi cha kwanza, na anataka cha pili ambacho mkataba unamruhusu, aje na taarifa za majadiliano, aonyeshe kurasa alizosimama kuzungumzia fedha.